Tulikuwa tunaombea nchi au tunaombea kabila?

Swali lenu la wiki hii ni kama msomaji anaamini kweli Mungu ndiye mwenye kutawala mataifa, na kama maombi yetu yanabadilisha chochote. Mimi nasema ndio, lakini wacheni niwaambie vile nilifika hapo maana sikuanzia hapo.

Desemba 2007 nilikuwa naishi Nakuru, ploti ya mabati, na kwa ushirika wetu wa nyumbani tulifunga siku tatu kabla ya kura ya urais ya Kenya ya tarehe 27. Sasa huku kwetu maombi yakipamba moto kila mtu anarudi lugha ya kwao, na hata macho yakiwa yamefumbwa masikio yako wazi, nilisikia vizuri sana watu wakimwambia Mungu ampatie nani ushindi, na mimi nikiwemo, nilitaja jina kabisa. Halafu tukimaliza tunasema amina kwa pamoja. Ukifikiria ni kichekesho.

Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, jioni hiyohiyo Rais Kibaki akaapishwa tena, na nchi ikawaka. Siku ya mwaka mpya kanisa likachomwa Kiambaa karibu na Eldoret, watu wakiwa ndani, wengi wao akina mama na watoto. Siwafichi, hapo imani yangu iliyumba, kwa sababu wale walikuwa wamekimbilia nyumba ya huyohuyo Mungu. Mpaka leo sina jibu la hilo, na mtu akinipa jibu la harakaharaka huwa namkwepa.

Kofi Annan, aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, akafika kupatanisha tarehe 22 Januari, tarehe 24 Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga wakapeana mikono Harambee House, ofisi ya rais, sisi tukapiga vigelegele ati maombi yamejibiwa, kumbe zamu ya Nakuru ndo inaanza. Kafyu ikawekwa. Jirani yangu, wa kabila lile lingine, akaingia kwangu na watoto wawili na sufuria ya githeri ambayo haikuwa imeiva, tukaimalizia kwa jiko langu, dirisha tumeziba na blanketi. Usiku nikamsikia anaomba kwa lugha yake, polepole, na mimi naomba kwa yangu, nikajiuliza sasa Mungu atamsikia nani kati yetu wawili. Lile jina nikashindwa kulitaja tena. Nikabaki na moja tu, Baba hawa watoto walale mpaka asubuhi.

Danieli 2:21 inasema Mungu ndiye huuzulu wafalme na kuwamilikisha wengine, na miaka yote nilikuwa naisoma kama ahadi kwamba atamtoa yule mimi simpendi. Lakini Danieli mwenyewe alikuwa mateka Babeli, alikuwa akimtumikia mfalme aliyevamia kwao, na bado akasema enzi ni ya Mungu. Hiyo ni imani ngumu bana, si ya kupigia kampeni.

Na si kwamba ukiomba unakaa. Kuna watu walikaa mezani wiki tano pale hoteli ya Serena, Annan akiwa na Mkapa, rais mstaafu wa Tanzania, na Graça Machel, mke wa Mandela, mwishoni hata Kikwete, rais wa Tanzania wakati huo, akaja, ndo ile karatasi ya kugawana madaraka ikawekwa sahihi tarehe 28 Februari. Mimi naona Mungu akiwa ndani ya ile meza, wewe ukiona siasa tu sitabishana na wewe. (Wanasiasa wanaopiga magoti asubuhi na jioni wanagawia vijana pesa, hao tuwaache leo.)

Siku hiyo jirani alikuwa kambi ya waliofukuzwa makwao pale showground, kwa hema, nikampelekea unga pakiti mbili. Habari alikuwa ameshasikia kwa redio. Hakuuliza nani amepata kiti gani, aliniuliza kama mlango wake bado upo. Ulikuwa umeng'olewa.

Alirudi baadaye, na hadi sasa tunasali pamoja. Nikiambiwa niombee nchi naomba kwa Kiswahili, kwa sauti, jirani asikie kila ninachomwambia Mungu.