Jibu: Kufika Amalfi kutoka Napoli bila gari

Habari mkuu. Umesema unatafuta treni ya Napoli hadi Amalfi, huko Italia, huioni, na baada ya hapo unataka kwenda Polignano a Mare, yote kwa siku nne, ukiwa na watoto.

Huioni kwa sababu haipo. Reli haifiki Amalfi. Panda treni hadi Salerno, halafu uchukue boti au basi. Anza kuangalia mwezi unaosafiri, maana boti ni za msimu, takriban Aprili hadi Oktoba, na bahari ikichafuka zinasitishwa. Kwa watoto ningechagua boti bila kusita. Ile barabara ya mlimani ni kona juu ya kona, na mwanangu alitapika njia nzima. Ukilazimika kupanda basi, nunua tiketi mapema kwenye duka la tumbaku, lenye kibao cha herufi T.

Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge muhuri kwenye kimashine cha kituoni kabla hujapanda. Mimi sikujua, nikatozwa faini tiketi ikiwa mkononi.

Polignano iko upande wa pili wa nchi, bahari ya Adriatiki. Unarudi Napoli, unakwenda Bari, mara nyingi kwa kubadilisha treni Caserta. Nusu siku imekwisha. Kutoka Bari ni kama nusu saa tu kwa treni. Kwa siku nne, tafadhali chagua upande mmoja. Mnasafiri mwezi gani?