Vitabu vya marehemu babu vimeota ukungu

Waalaykum salaam bibie. Umeuliza uvifanyeje vitabu vya marehemu babu yako hapo Wete: vimeota ukungu, na vingine vina matundu.

Kitambaa cha maji kiweke mbali. Ukungu mbichi ukisuguliwa huingia ndani ya karatasi, na doa halitoki tena. Vianike kivulini, barazani penye upepo, vimesimama na kurasa zimeachana kidogo. Si juani, jua hupinda majalada. Ukungu ukishakuwa unga mkavu, vaa barakoa, toka uani, ukipanguse kitabu kimefungwa, kwa brashi laini mpya ya rangi, kutoka mgongoni kwenda nje.

Vyenye matundu vitenge, huenda vina wadudu, na baridi kali ndiyo huwaua. Kikishakauka sawasawa, kitie kwenye nailoni nzito, toa hewa, funga, weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Umeme ukikatika hadi kikayeyuka (na utakatika), anza kuhesabu upya. Ukikitoa, usifungue nailoni mpaka kesho yake, maana umande utakaa kwenye karatasi badala ya juu ya nailoni.

Kabati lisiegemee ukuta; mawe na chokaa hunyonya maji. Acha nafasi ya vidole vinne nyuma, rafu ya chini iwe sentimita 15 juu ya sakafu, na vitabu usivibane. Masika, Machi hadi Mei, kagua kila wiki. Karafuu hunukiza kabati tu, mchwa usiwategee hizo. Na selotepu usiguse kabisa: gundi yake hugeuka manjano ikaacha alama.