Maswali na majibu: vigawo vya polinomia kwa njia ya makundi

Mwalimu, x³ + 3x² − 4x − 12 inanigomea. Naigawa makundi mawili, napata x²(x + 3) − 4(x − 3), halafu mabano hayafanani. Nimekosea wapi?

Kwenye alama. Ukitoa −4 nje, kila kinachobaki ndani ya mabano lazima kiwe kimegawanywa kwa −4, na −12 ukiigawa kwa −4 unapata +3. Kwa hiyo ni −4(x + 3). Mabano sasa yamefanana, yatoe nje kama kigawo cha shirika: (x + 3)(x² − 4). Usiweke kalamu chini bado, maana x² − 4 ni tofauti ya miraba miwili, x² na 2², na a² − b² huvunjika kuwa (a − b)(a + b). Jibu kamili ni (x + 3)(x − 2)(x + 2). Wanafunzi wengi huikimbia njia hii hapo hapo, na inasikitisha, kwa sababu njia ilikuwa sahihi. Mabano yakikataa kufanana, kagua alama kwanza.

Kuna namna ya kujua mapema kama makundi yatakubali?

Ipo, kwa temu nne (vipande vinavyojumlishwa au kutolewa) zilizopangwa kuanzia x³ kushuka. Zidisha namba ya temu ya mwanzo kwa ya mwisho, kisha mbili za katikati; majibu yakilingana, makundi yanakubali. Katika mfano wa juu, 1 × −12 na 3 × −4 zote zinatoa −12, basi makundi yanakubali.

Kipimo kikikataa, usikate tamaa. Chukua x³ + 2x² + 2x + 1: za pembeni zinatoa 1, za katikati 4. Ipange upya hivi: (x³ + 1) + (2x² + 2x). Kundi la kwanza ni (x + 1)(x² − x + 1), la pili ni 2x(x + 1). Toa x + 1 nje, unabaki na (x + 1)(x² + x + 1).

Hiyo x² + x + 1 niendelee kuivunja?

Hapana. Ukiiandika kama ax² + bx + c, b² − 4ac yake ni −3, ambayo ni hasi, kwa hiyo haivunjiki kwa namba halisi.

x³ − 7x + 6 ina temu tatu tu. Naweka makundi gani?

Ipasue temu ya katikati. Upasue vipi? Weka x = 1: 1 − 7 + 6 = 0, kumbe x − 1 ni kigawo. Basi pasua kwa namna itakayoifanya x − 1 ijitokeze: x³ − x − 6x + 6. Kundi la kwanza ni x(x − 1)(x + 1), la pili −6(x − 1). Unapata (x − 1)(x² + x − 6), yaani (x − 1)(x + 3)(x − 2).

Rafiki yangu anasema x⁴ + 4 ina vigawo. Itawezekanaje, wakati haifikii sifuri kamwe?

Rafiki yako yuko sahihi. Kutofikia sifuri kunaizuia kuwa na kigawo cha daraja la kwanza tu, si cha daraja la pili. Ongeza 4x² kisha uiondoe: (x⁴ + 4x² + 4) − 4x², yaani (x² + 2)² − (2x)². Tofauti ya miraba tena! Vigawo ni (x² + 2x + 2)(x² − 2x + 2). Kanuni hii inaitwa kwa jina la Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa aliyeishi 1776 hadi 1831. Naipenda kwa sababu inasema jambo kuhusu namba zenyewe: ukiweka namba nzima yoyote inayozidi 1, n⁴ + 4 haiwezi kuwa namba tasa. Jaribu 3: unapata 85, ambayo ni 17 × 5.