Mdogo wangu ana lupasi: je, dawa za kuongeza kinga zitamponya?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 26. Mwaka jana alianza kuumwa viungo vya vidole kila asubuhi, nywele zikanyonyoka, na mashavu yakawa yanawaka kila akipigwa na jua. Hospitali walisema ni lupasi, wakampa prednisoloni na haidroksiklorokwini. Uso ulipomvimba aliacha zote mbili, na sasa anatumia virutubisho vya kuongeza kinga alivyouziwa baada ya kupimwa kwa mashine ya kushika mkononi. Wiki hii miguu imevimba na mkojo una povu. Je, avitumie kwa muda gani ndipo apone?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Asivitumie hata siku moja zaidi. Kwa mgonjwa wa lupasi, miguu kuvimba pamoja na mkojo wenye povu ni dalili kwamba huenda ugonjwa umefika kwenye figo. Mpeleke hospitali leo apimwe mkojo, shinikizo la damu na utendaji wa figo, kwa sababu figo zikiwahiwa mara nyingi huokolewa, na zikicheleweshwa mgonjwa anaweza kuishia kwenye mashine ya kusafishia damu.

Hiyo biashara ya kuongeza kinga nakutana nayo kliniki kila mara, na imenichosha. Lupasi si upungufu wa kinga, wala haina uhusiano na UKIMWI, ingawa ndugu wengi wakisikia kinga imetajwa huwaza hivyo mara moja. Kinga ya mdogo wako ina nguvu za kutosha, ila imekosa shabaha: inatengeneza kingamwili, yaani protini za damu za kupambana na vijidudu, zinazoshambulia viini vya seli zake mwenyewe, na zikinasa kwenye figo, ngozi na maungio huleta uvimbe. Mlinzi anayempiga mwenye nyumba haongezewi rungu. Ndiyo maana dawa zetu huituliza kinga, ilhali baadhi ya virutubisho vina alfalfa, majani yale yale wanayolishwa ng'ombe, ambayo yamewahi kuamsha lupasi iliyokuwa imetulia.

Mashine ya kushika mkononi haioni kingamwili hata moja. Hata kipimo halisi cha damu hakitoshi peke yake, kwani kingamwili za aina hiyo huonekana pia kwa baadhi ya watu wenye afya njema. Daktari huzisoma pamoja na dalili na vipimo vingine.

Kuhusu prednisoloni, ni kweli huvimbisha uso, na mgonjwa ana haki ya kulalamika, lakini uvimbe huo hupungua kadiri dozi inavyopunguzwa. Aliyeitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huwa zimezembea kutengeneza homoni yake ya asili, hivyo akiikatisha ghafla anaweza kutapika, shinikizo likashuka, hata akafa. Daktari aelezwe aliacha lini hasa. Haidroksiklorokwini ni ndugu wa klorokwini, ambayo Tanzania iliacha kuitegemea kwa malaria mwaka 2001, na baadhi ya jamaa hudhani daktari amekosea dawa. Hakukosea. Hufanya kazi polepole, pengine miezi miwili hadi sita, na humpunguzia mgonjwa hatari ya ugonjwa kulipuka tena, mradi macho yapimwe mapema na kufuatiliwa miaka inavyokwenda.

Wasomaji wengine nao wajihadhari na unga au matone yanayoondoa maumivu ya viungo ndani ya siku mbili tatu. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na deksamethasoni, dawa ya kundi moja na prednisoloni, kwa hiyo mgonjwa humeza kile kile alichokikimbia, bila dozi inayojulikana na bila mtu wa kumpunguzia taratibu. Lupasi hutulizwa, tena kwa miaka mingi, lakini bado haijapatikana dawa ya kuimaliza kabisa, na anayeahidi hivyo anauza uongo. Mnapokwenda hospitali, bebeni chupa zote za virutubisho hivyo, hata zilizokwisha, ili daktari asome yaliyoandikwa na ajue figo hizo zimepitishiwa nini.