Kisiwa cha siku moja upande wa Kenya: nani anahitaji pasipoti, nani kitambulisho kinamtosha

Dada, umeuliza kutoka Jinja kama ninyi (mume Mganda, wewe Mtanzania, watoto wawili na mgeni wenu Mjerumani) mnaweza kupanda boti asubuhi, mkashinda kwenye kisiwa cha Ziwa Victoria cha upande wa Kenya na kurudi jioni bila pasipoti, kwa kuwa ni matembezi ya siku moja tu. Mimi naishi Busia, mji wa mpakani mwa Uganda na Kenya, biashara yangu ni samaki, na mpaka huu nauvuka mara kwa mara. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kunawezekana, mkianzia Busia. Ila kila mmoja wenu ana karatasi yake, na nawasihi mvukie nchi kavu, msivukie ziwani.

Naanza na hilo la ziwa kwa sababu ndilo linalowaponza watu. Ukishuka Majanji au mwalo wowote wa Namayingo, huko upande wa Uganda, hukosi kijana mwenye injini atakayekuambia kisiwa cha Kenya ni pale tu, twende. Boti ipo kweli, na wavuvi na wachuuzi wa samaki huvuka hivyo kila siku. Lakini wao wanajulikana huko waendako, na wakikamatwa wana wenyewe wa kuwatetea. Wewe ukiondoka mwaloni hakuna anayekugongea muhuri wa kutoka Uganda, na ukifika ng'ambo hakuna anayekugongea wa kuingia Kenya. Mkikutana na doria katikati ya maji, mtajieleza vipi? Niliwahi kumwona mgeni mmoja Mzungu amekalishwa kwenye benchi la kituo cha polisi cha ufukweni tangu saa nne hadi jua linazama. Pasipoti yake ilikuwa safi, visa ya Uganda anayo, ila hakuna ukurasa hata mmoja ulioonyesha kwamba ameingia Kenya. Yule wa boti alishaondoka zamani.

Kwa hiyo piteni Busia. Tangu 2018 kituo ni cha pamoja: ukitoka Uganda unakwenda moja kwa moja kwenye jengo la upande wa Kenya, unamkuta afisa wa Uganda wa kukutoa, kisha wa Kenya wa kukupokea, humo humo ndani. Kukiwa na foleni ndogo hata chai haipoi. Msimfuate bodaboda atakayewaambia anajua njia ya mkato. Njia za panya za Busia ni nyingi na anazijua kweli, lakini mtatokea upande wa pili bila muhuri, kama wale wa boti.

Sasa karatasi. Mumeo kitambulisho chake cha taifa kinamtosha. Uganda, Kenya na Rwanda zilikubaliana, na tangu 2014 raia wao wanavuka kwa vitambulisho. Aangalie tu tarehe ya mwisho, kwa maana kadi za kwanza za NIRA, mamlaka ya vitambulisho ya Uganda, zilikuwa za miaka 10. Akipewa kikaratasi mpakani, akitunze mpaka arudi.

Wewe, dada, makubaliano hayo hayakuhusu. Tanzania haimo kwenye mpango wa vitambulisho, ingawa tuko jumuiya moja. Visa huhitaji, ada hulipi, lakini lazima uwe na pasipoti au hati ya kusafiria ya muda. Kama uliingia Uganda kwa hati na imekwisha muda, shughulikia hilo kwanza na ubalozi wenu Kampala kabla hujafunga safari.

Watoto hawana vitambulisho, na hapo ndipo wazazi wengi hukwama. Waombeeni pasipoti au hati ya muda, na mbebe vyeti vyao vya kuzaliwa. Kama mzazi mmoja haandamani nao, chukueni barua yake ya ridhaa.

Mgeni ndiye mwenye kazi kubwa. Kama hajafika bado, aombe mtandaoni visa ya kitalii ya Afrika Mashariki: dola 100, siku 90, anatoka na kuingia Uganda, Kenya na Rwanda bila kulipa tena. Tanzania haimo humo pia. Aiombe kwa nchi atakayoingilia kwanza. Kama ameshaingia kwa visa ya kawaida ya Uganda ya dola 50, basi kwa Kenya anahitaji kibali cha mtandaoni kilichochukua nafasi ya visa tangu Januari 2024, na akiombe siku kadhaa kabla. Tena aulize uhamiaji habari za kurudi Uganda kabla hajagongewa muhuri wa kutoka, asije akaulizia dirishani usiku. Na cheti cha homa ya manjano abebe, ninyi pia bebeni.

Mkishavuka, safari ya boti inakuwa ya ndani ya Kenya. Mimi ningewapeleka Mageta, mkipandia Usenge. Ni kisiwa kinachokalika, na Waingereza walikifanya kambi ya kuwafungia watu wakati wa Mau Mau, kwa hiyo mna cha kuwaeleza watoto. Laleni Busia usiku wa kuamkia safari, maana kutoka Jinja asubuhi mtachelewa. Ondokeni kisiwani mapema, kwa kuwa alasiri upepo huinuka, na msikubali boti isiyo na jaketi za kuokolea za watoto.

Kisiwa cha Migingo usimpeleke mgeni. Najua picha zake zinavutia, mabati yaliyobanana juu ya mwamba mdogo kuliko kiwanja cha mpira. Lakini Kenya na Uganda zimekigombea kwa miaka mingi, na kila anayeshuka pale anatazamwa na askari. Si mahali pa kutembeza watoto.

Na kama hamu yenu ni kisiwa tu, Ngamba iko ng'ambo ya Entebbe, ina sokwe, mnakwenda na kurudi siku hiyo hiyo na hakuna mpaka.

Nijibu mambo mawili: mgeni ameshaingia au bado, na wewe una pasipoti au hati? Nikijua hayo nitakuambia mwanzie wapi.