Nilivyomtupa panya nje ya mti

Kama ndo unaanza kujenga miti ya ukoo wa spishi kwa kompyuta, ngoja nikuoneshe nilipoteleza. Mimi nilikuja na akili ya kiprograma, nikajiambia mti si ni grafu tu isiyo na mzunguko, spishi ziko kwenye ncha, mababu kwenye maungio, sasa kazi iko wapi hapo? Nikachukua DNA ya mtu, panya, ng'ombe na kangaruu, nikahesabu kila jozi inatofautiana herufi ngapi, nikatia kwenye jedwali na kuirushia UPGMA, njia inayounganisha kwanza jozi yenye umbali mdogo kuliko zote. Sekunde tu mti huo, umenyooka kweli, ila mtu kakaa na ng'ombe halafu panya katupwa pembeni. Na panya ni ndugu yetu wa karibu kuliko ng'ombe, we cheka tu.

Siku mbili nikawa nailaumu data. Kumbe UPGMA inachukulia matawi yote yanabadilika kwa kasi moja, na DNA ya panya inabadilika haraka kuliko yetu, kwa hiyo ukiangalia umbali mtupu anaonekana yuko mbali na kila mtu. Nikahamia njia ya kuunganisha majirani, ya Saitou na Nei wa 1987, yenyewe kabla ya kuunganisha jozi inapunguza wastani wa umbali wa kila spishi na wengine wote, so mwenye tawi refu haonewi. Panya akarudi kwake. Ila mti huo unatoka hauna mzizi, na hapo ndo kangaruu anafanya kazi, yeye ni mgeni unayemjua katoka nje ya kundi, mzizi unauweka kwenye tawi lake.

Usijaribu kupitia miti yote eti uchague bora. Spishi 10 tu zina miti 2,027,025 isiyo na mzizi, na zikiwa spishi 20 namba hiyo ina tarakimu 21. Programu zinazotafuta mti bora zinaanza na mti mmoja, zinakata tawi na kulipachika kwingine, na zinaweza kukwama, kwa hiyo anzisha mara nyingi kutoka miti tofauti.

Halafu butistrapu, ile ya Felsenstein ya 1985 ya kupima tawi linaaminika kiasi gani, unachagua upya kwa bahati nasibu nafasi za herufi kwenye DNA, nyingine zikijirudia, unajenga mti mara 1,000 na kuhesabu tawi limerudi mara ngapi. Nzuri, lakini ule mti wangu mbovu niliupima hivyohivyo na tawi la mtu na ng'ombe likarudi karibu kila mara! Siku hizi namtoa kwanza yule mwenye tawi refu, najenga tena, naangalia waliobaki wamehama au la.