Sumaku inateleza juu ya kisahani cha YBCO

Mwalimu, umesema sumaku inaelea kidogo kisha inateleza pembeni. Bila shaka mnapoza kisahani cha YBCO (kauri inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa sana) kwanza, ndipo mnaleta sumaku. Hapo uga wa sumaku (eneo la nguvu zake) unasukumwa nje, haunaswi vya kutosha. Geuza utaratibu: tenga sumaku na kisahani kwa kibao chembamba, mimina naitrojeni ya kimiminika (nyuzi −196), ngoja mchemko utulie, kisha chomoa kibao kwa koleo. Mistari ya uga itakuwa imenasa kwenye kasoro za kisahani. Isukume sumaku kwa kijiti, utaiona inarudi palepale! Ikishuka kidogo kidogo, ni mistari inachoropoka kwa joto, kawaida hiyo.

Unyevu wetu wa Mombasa huila YBCO: kikaushe, ukihifadhi pakavu. Madirisha wazi, glavu na miwani, chombo cha naitrojeni kisizibwe kamwe. Ngozi ikiungua kwa baridi, hospitali mara moja.